Ala ya Sajini

Jumapili, tarehe 8 Septemba

Nimerudi. Niko hai. Shati limelowa jasho mpaka kwenye kola, lakini niko hai.

Leo nimepelekwa kwa wazazi wa Mchumba kwa mara ya kwanza. Baba yake ni sajini mstaafu wa polisi, na mtaa mzima unamwita hivyo hivyo, Sajini. Njia nzima Mchumba alikuwa ananipa masharti. Nisimkatize mzee akiongea. Nisichezee kijiko. Nisianze habari zangu za ngozi. Akaongeza kitu kuhusu baba yake na bendi ya polisi. Sikufuatilia. Nilikuwa natazama kiuno cha askari aliyesimama mlangoni mwa benki. Ala ya kiwandani! Mshono umefumuka upande mzima! Niliumia moyo.

Niandike wazi, maana humu hakuna wa kunicheka. Mimi ni fundi wa ala za bastola. Vile vifuko vya ngozi vya kuvaa kiunoni: nakata, nashona, nafinyanga kwa mkono. Mshahara wangu unatokana na kusoma mita za maji. Ala ni mapenzi tu. Bastola sina, sijawahi kuishika, na kusema kweli naiogopa hata kwenye picha. Kwa hiyo mpaka sasa nimetengeneza ala ya futi, ala ya miwani, na ala ya rimoti ya televisheni, ambayo Dada huivaa akiwa anapika. Dada ndiye ninayeishi kwake. Anasema niviite vifuko, watu wanielewe. Sikubali! Lugha ina neno lake. Neno ni ala.

Sebuleni tulimkuta mtu. Yule mwenzake Mchumba wa duka la dawa, yule anayemchekea kila mwenye pumzi. Namwita Tabasamu. Kakalia kiti kizuri! Anamwita Sajini mzee wangu! Kamletea kopo la dawa ya kung'arishia shaba, na Sajini kalipokea kwa mikono miwili. Shaba ya nini? Mtu hajui hata kuchagua zawadi.

Sajini akaniuliza najishughulisha na nini. Nikasema mita. Uso wake haukusogea. Tabasamu akatabasamu. Nikaona nazama, nikajikuta nimesema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, kwamba mbali na mita mimi ni fundi wa ala.

Mzee akasimama. Nikajua natolewa nje. Kumbe ananipa mkono! Akasema hajakutana na kijana anayejali ala tangu astaafu. Akasema yake bado anayo, imo kwenye kasha chini ya kitanda, na akaanza kunieleza. Urefu wake hivi. Akapanua mikono, karibu nusu mita! Mdomo wake mpana kama bakuli. Juu ina vibonyezo vitatu. Amepiga mbele ya mawaziri. Amepiga kwenye mazishi ya mkuu wake. Amepiga kwenye harusi nyingi hata hazikumbuki. Na mpaka leo, kila asubuhi kabla ya chai, lazima aiweke mdomoni kidogo, asije akasahau.

Mdomoni! Bastola ya nusu mita, vifyatuo vitatu, na mzee anaanza nayo siku.

Akaniuliza kama naweza kumtengenezea mpya. Nikasema ndiyo. Ningesema nini? Akauliza, kwa mkono wangu mwenyewe? Nikasema kwa mkono. Akauliza, kwa shaba? Nikasema shaba kidogo tu, kwenye vifungo. Akacheka mpaka akajifuta macho, akamwambia Tabasamu kwamba fundi wa kweli hajisifu. Tabasamu hakucheka sana. Raha niliyoisikia!

Raha haikufika mbali. Sajini akatangaza kwamba Jumamosi ataita ndugu zake, mimi nilete ala. Atapiga mbele ya wote. Akishapiga, ndipo atatoa jibu lake kuhusu mimi na binti yake.

Akishapiga. Akishampiga nani?


Jumatatu, tarehe 9 Septemba

Kazini nimesoma mita moja mara mbili na kumwandikia mwalimu mstaafu matumizi ya hoteli.

Nilimweleza Dada yote. Akaniuliza kama nampenda huyo msichana. Nikasema nampenda mpaka nasahau njia ya nyumbani. Akasema basi nimwulize mwenyewe, baba yako ana silaha gani, yaishe. Nimwulize! Fundi wa ala aulize kama mtoto wa chekechea? Halafu Tabasamu asikie?

Hapana. Fundi hupima.

Shida ni kwamba kitu chenyewe kimo chini ya kitanda cha mzee. Nimewaza mchana kutwa. Wazo limekuja nikiwa nimechuchumaa kwenye mita ya kinyozi. Mimi ni mtu wa maji. Mtu wa maji anaingia popote panapovuja!

Nimebadilishana njia na mwenzangu. Kesho mtaa wa Sajini ni wangu. Nimeshaulizia: Jumanne asubuhi mzee huenda kunyolewa.


Jumanne, tarehe 10 Septemba

Nimefanya.

Nilibisha hodi na fulana ya kazi na tochi. Akafungua Mama Mkwe (humu tu namwita hivyo, kwa mdomo bado sijathubutu). Nikamwamkia shikamoo mara mbili kwa woga. Nikamwambia mita yao inazunguka kwa fujo, lazima bomba linavuja chini ya sakafu ya chumba cha kulala. Akasema chumba cha kulala hakina bomba. Nikasema bomba lisiloonekana ndilo baya zaidi. Akanitazama kidogo, akanipisha.

Nikaingia chini ya kitanda kwa tumbo. Vumbi! Kasha jeusi limebanwa kati ya mguu wa kitanda na ukuta, kifuniko hakifunguki hata nusu. Tochi ikazima. Nikapenyeza mkono. Kitu kimeviringishwa kwenye kitambaa laini. Chuma. Baridi! Nikakipapasa juu ya kitambaa nikiwa nimefumba macho, sijui kwa nini, maana giza lilikuwepo tayari. Bomba linakwenda, linajikunja, linarudi. Vibonyezo vitatu, kweli kabisa. Nikafika kwenye mdomo. Ngumi yangu ikaingia yote!

Kinapiga nini kitu hiki? Tembo?

Nikatoa kamba mfukoni, nikapima urefu, nikapima mdomo, nikafunga mafundo. Mama Mkwe akauliza kutoka juu kama nimeliona tatizo. Nikasema nimeliona, ni kubwa. Akaketi kitandani, chaga zikanishukia mgongoni, na akaanza kunitolea ya moyoni kana kwamba nimekuja kwa ajili hiyo. Akasema kama naona kasha humo chini, basi ndilo adui yake. Kwamba mumewe akikishika kitu hicho asubuhi, kichwa chake kinapasuka. Kwamba majirani wawili wameshahama. Kwamba ameomba, amelia, amenuna, mzee hasikii. Akasema mtu atakayekinyamazisha kitu hicho atampa chochote anachokitaka katika nyumba hii.

Chochote! Niko chini ya kitanda, nina kamba mkononi, mama wa mchumba wangu yuko hatarini kila asubuhi, na ananiambia chochote!

Nilitoka nimejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikamwambia presha iko juu, lakini nitaishusha. Akanishukuru. Akanipa na chai.

Mpango umejipanga wenyewe nikiwa njiani. Ngozi ikiloweshwa hulainika. Ukiivalisha kitu ikiwa mbichi, ikikauka hubana, hushika kila kona, haiachii. Mafundi wengine huikwepa hiyo kasoro. Mimi nitaitumia! Nitamtengenezea Sajini ala ambayo bastola ikiingia haitoki tena. Hatampiga mtu Jumamosi. Wala harusini. Wala kabla ya chai.

Najiona nina akili mpaka naogopa.


Jumatano, tarehe 11 Septemba

Nimeomba ruhusa kazini. Nimesema naumwa tumbo, na si uongo.

Kwanza kalibu, maana ngozi haifinyangwi hewani. Nimeunda umbo la silaha kufuata mafundo ya kamba yangu: mabaki ya bomba la maji yaliyokunjwa kwa moto, faneli kubwa ya Dada ya kumiminia mafuta kwa ajili ya mdomo, vizibo vitatu vya chupa kwa ajili ya vifyatuo. Nikaifunga na mpira. Inatisha!

Dada alirudi akaitazama muda mrefu. Akaniuliza faneli yake inafanya nini kwenye tarumbeta.

Nilicheka. Nikamweleza kwa upole kwamba hiyo ni silaha ya polisi ya zamani, si kitu anachoweza kukifahamu mtu anayeshinda na mahesabu ya duka. Akasema yeye anaona tarumbeta. Nikasema anaona faneli, ndiyo sababu. Akasema sawa, na akaenda zake kupika, na rimoti kiunoni.

Baadaye maji yalikuwa yamebaki ndani ya bomba. Nikaweka mdomo kwenye ncha nyembamba, nikapuliza yatoke. Ikalia! Pooo! Mbwa wa jirani akajibu. Mabomba ya maji yana tabia zake, miaka yote ya kazi hii bado yananishangaza.

Ngozi ni ile ya mgongo, nene, niliyokuwa naitunzia siku kubwa. Nimeikata. Nimeipitishia uzi wenye nta, mishono miwili miwili. Chini nimeacha tundu dogo. Ala yoyote ya maana ina tundu chini la kutolea unyevu, kiwandani wanalisahau. Ile ncha nyembamba nimeiacha itokeze nje kwa juu, bila shaka ndio mpini. Juu ya vifyatuo nimeweka kipande cha ngozi laini na mkanda. Dada alipita tena, akaigusa, akasema, hata hivyo, ni nzuri. Alisema kwa shingo upande lakini alisema. Na ni nzuri kweli. Sijawahi kufanya kitu kizuri hivi. Inasikitisha kwamba nimeitengeneza kwa hila.


Alhamisi, tarehe 12 Septemba

Mchumba alinisubiri nje ya ofisi. Uso kaukunja.

Mama yake kamsimulia habari ya mtu wa maji aliyeingia chini ya kitanda. Mrefu, mwenye haya, anayesalimia mara mbili. Hakuhitaji maelezo zaidi. Mama yake mwenyewe hakunijua, maana Jumapili alishinda jikoni na mimi nilishinda nimeinamisha kichwa. Mchumba akaniuliza nilikuwa natafuta nini kwao. Nikasema ni siri ya fundi. Akasema yeye hataolewa na siri.

Hapo nikaona nimchokonoe kidogo, kwa akili. Nikamwuliza ni kweli baba yake amepiga harusi nyingi. Akasema nyingi mno. Nikauliza, watu hawakimbii? Akasema, wanakimbilia! Watoto wanafika kwanza. Nikashika ukuta. Nikauliza kuhusu mazishi ya mkuu wa polisi. Akasema hiyo watu hawataisahau, baba alipiga polepole, peke yake, na kila aliyekuwapo pale makaburini alilia.

Polepole! Mtu mmoja mmoja!

Akaniona nimebadilika rangi, akalainika kidogo. Akanishika mkono. Akasema kinachomchosha kwangu ni kimoja tu: siulizi, napima. Kwamba tangu tujuane nimempima kiuno, mkono, pochi, mpaka simu, lakini sijawahi kumwuliza jambo nikasubiri jibu liishe. Akasema Jumamosi baba yake atafungua moyo wake mbele ya ndugu, jambo asilolifanya kirahisi, na nikimwaibisha huyo mzee basi yeye na mimi tumeachana, na hatarudi nyuma. Machozi yalikuwa karibu. Yake. Yangu yalikuwa yameshatoka.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nikamwambia kila kitu nimekipima.

Akaachia mkono wangu.


Ijumaa, tarehe 13 Septemba

Sijala. Nimefanya mazoezi ya kulala kifudifudi kwa ghafla, kama mpango utashindwa. Dada alinikuta chini ya meza ya sebuleni, akainua kitambaa cha meza, akaniuliza huko nako kunavuja?

Jioni nimeilowesha ala kwa maji vuguvugu na kuifunga kwenye mfuko wa nailoni ibaki mbichi mpaka kesho. Kilichobaki kwenye mpango ni jua tu. Wakiketi barazani, jua litafanya kazi yangu.

Mungu wangu, asiwepo mtu wa kuumia. Na anipe yule msichana.


Jumamosi, tarehe 14 Septemba

Nitaandika kwa utaratibu, ingawa kichwa kinazunguka.

Barazani kulijaa. Shangazi, baba wadogo, majirani waliobaki. Tabasamu na kopo lingine la dawa ya shaba. Mama Mkwe akaniona, akaniangalia kwa makini, akaiangalia miguu yangu, ambayo ndiyo aliyoizoea, akafungua mdomo. Akaufunga tena. Nikatokwa na kijasho chembamba mpaka visigino.

Sajini alivaa koti lake la kazi, lililopigwa pasi. Akasimama, akawaambia ndugu zake kwamba kijana huyu ametengeneza ala kwa mikono yake, usiku na mchana, ili amridhishe yeye. Akanyoosha mikono nimkabidhi.

Nikatoa kwenye nailoni. Ikadondosha maji.

Sajini akaigeuza. Akachungulia ndani. Akaniuliza, ala iko wapi? Nikasema hiyo ndiyo ala. Akasema, ala? Nikasema ndiyo, ala. Akasema, ala! Hiyo ya mwisho haikuwa jina la kitu.

Mchumba akaziba uso. Tabasamu akainama nyuma ya kopo, mabega yanamcheza. Shangazi mmoja akauliza kwa sauti kama ni soksi.

Sajini ni muungwana, lazima niseme. Akameza kilichokuwa kinampanda, akasema labda ni kifuko cha kuhifadhia, na akaingia ndani kuileta yake. Nikajiandaa kulala chini. Akatoka ameishika kwa mikono miwili. Inang'aa. Shaba tupu.

Tarumbeta.

Tarumbeta! Vibonyezo vitatu! Mdomo kama bakuli! Maneno yote ya wiki nzima yakanirudia kwa mstari, harusi, mazishi, kabla ya chai, nikatamani baraza inimeze. Dada aliiona tangu kwenye faneli!

Lakini aibu haikupata nafasi, maana hofu mpya ilikuja hapo hapo. Sajini alikuwa anaiingiza tarumbeta kwenye ala. Mbichi! Nikaruka. Nikasema tusubiri kesho. Nikasema haitaenea. Nikasema ngozi ina harufu. Akanisukuma kwa kiwiko, taratibu, na tarumbeta ikateleza mpaka chini. Ikakaa sawasawa. Kila kona! Hata shangazi wa soksi akaguna kwa kuridhika. Sajini akashangaa, akauliza nimeujuaje ukubwa wake, maana hakuna mtu aliyewahi kuigusa. Mama Mkwe akakohoa. Akasema, vijana wa siku hizi wana macho. Mungu ambariki mama yule.

Basi ikawekwa mezani, juani, wakati watu wanakula. Sikula. Nilikaa naitazama ngozi ikibadilika rangi, kutoka giza kwenda kahawia. Niliisikia ikikauka. Nilijaribu kuisogeza kivulini, Tabasamu akairudisha juani ili, alisema, watu waione vizuri kazi yangu.

Baada ya chakula Sajini akasimama tena. Akasema atapiga wimbo aliompigia mke wake siku ya harusi yao, halafu atoe jibu. Akashika. Akavuta. Akavuta tena. Akabana kati ya magoti. Baba mdogo mmoja akashika upande wa pili. Tabasamu akavua koti, akakunja mikono ya shati, akavuta mpaka tabasamu likatoka. Haikusogea hata unywele. Niseme ukweli? Ndani ya hofu ile yote, kuna kipande changu kidogo kilichojivuna.

Sajini akanigeukia. Jicho lile lazima ndilo lililokuwa likiwatisha wahalifu. Akauliza nimeifanya nini ala yake. Tabasamu, haraka kama mtu aliyekuwa anasubiri, akaomba kisu tuichane. Kisu kikaja. Mchumba alikuwa anaangalia pembeni, na nikajua imekwisha, nimempoteza, tena kwa mshono mzuri kuliko yote niliyowahi kushona.

Sajini hakupokea kisu mara moja. Ile ncha nyembamba ilikuwa imetokeza nje, ile niliyoiita mpini. Kwa hasira, au kwa mazoea, akaiweka mdomoni akapuliza.

Sauti ikatoka kupitia lile tundu la unyevu. Ndogo. Laini. Akashtuka, akaitazama. Akabonyeza vibonyezo juu ya ngozi laini, akapuliza tena. Wimbo mzima ukatoka hivyo, mdogo, wa kukaa nao karibu. Watu wakaacha kutafuna.

Tabasamu akasogea na kisu. Mama Mkwe akamshika mkono. Akasema asithubutu! Akamwambia mumewe aupige tena. Akaketi chini kabisa, kwenye ngazi, karibu na goti lake. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema miaka yote ya ndoa amekuwa akisikia kelele, na leo ndiyo mara ya kwanza amesikia wimbo. Akasema hakujua kumbe ni mzuri hivi. Alikuwa analia, na hakujificha.

Sajini akamwuliza kwa nini hakuwahi kumwambia kwamba inamuumiza. Mama Mkwe akasema alimwambia kila siku. Mzee alikuwa anapiga tarumbeta, hakusikia.

Mzee wa watu akaipapasa ile ngozi. Akasema hatutaichana. Akaanza kusema jambo kuhusu jibu lake, mke wake akamkatiza, akasema jibu lilishatolewa Jumanne, chini ya kitanda, na mtu wa maji ni mkwe wake. Shangazi wakapiga vigelegele. Tabasamu alikuwa bado ameshika kisu, hana cha kukata.

Na Mchumba? Alinitazama muda mrefu, nikamnong'oneza nilichodhani kimo kwenye lile kasha. Kisha akacheka. Akacheka mpaka akaketi sakafuni. Akasema, bastola? Nikasema, bastola. Akaanza upya.


Jumapili, tarehe 15 Septemba

Nimelala kama mtoto. Leo nimepitia upya mambo yote kwa utulivu, na naona wazi kwamba kosa halikuwa langu. Mtu mzima, sajini, unasema ala bila kufafanua! Angekuwa makini kidogo wiki nzima isingekuwa ya tumbo joto. Lakini nimemsamehe. Ni baba mkwe.

Tena nikifikiri vizuri, nadhani ndani yangu nilijua. Ile kalibu ililia. Fundi huhisi. Nimemwambia Dada hivyo. Akaninyang'anya faneli yake.

Mchumba alikuja mchana. Tulikaa vizuri. Akaniomba ahadi moja tu kabla ya ndoa: nikiwa sina hakika na jambo, niulize kwanza, nisikilize mpaka mwisho. Nikaahidi. Nikaapa kabisa! Akafurahi, akanieleza kwamba amebaki mjomba wake mmoja ambaye hakufika jana, na huyo naye lazima aridhike. Ni mtu mkimya, anaishi peke yake pembeni ya mji.

Nyuma ya nyumba ana mizinga kumi na miwili.

Nilitulia. Sikuonyesha mshtuko. Mizinga! Kumi na miwili! Yule wa jana alikuwa na tarumbeta, huyu ana kikosi kizima! Mchumba alisema imepangwa mstari mmoja chini ya miti, imeelekezwa barabarani, na ikichokozwa hata polisi hawasogei. Alisema na jambo fulani kuhusu asali. Sikufuatilia. Nilikuwa nakokotoa ngozi. Mzinga mmoja utataka ngozi ya ng'ombe mzima, na mkanda wa bega sijui utaupitishaje.

Lakini hebu fikiria sura ya mjomba akiona ala za mizinga, zimeshonwa kwa mkono! Tabasamu atahama mji.

Kesho mchana mjomba huwa sokoni. Nitaingia kwa nyuma. Kwa macho huwezi kupata kipimo sahihi, nimeshajifunza. Nitachagua ule mkubwa kuliko yote, nitapenyeza mkono mpaka kwenye kwapa, na kupapasa kila kona, taratibu.